Wimbi Hufika Ukiwa Ushaenda

Ile video yangu ya Lamu, ile ya mashua na spidiboti jua likizama, nimeifuta. Wengi mmeniuliza iko wapi. Wengine mkasema nimeogopa watu. Hapana, wasee. Kaeni niwaeleze, juu stori yenyewe haikuwa katikati ya video. Ilikuwa kwenye kona.

Nilikuwa Lamu wiki tatu kwa ami yangu, ndugu mdogo wa baba. Ndio nilikuwa nimetoka kuacha chuo, na nyumbani Mombasa kila mtu alikuwa ananiangalia kama bili ya stima. Mama akaona heri niende nikakae na ami kabla mtu hajasema neno la kujutia. Ami ana mashua ya tanga. Anabeba wageni: asubuhi kuvua na kuogelea, jioni kuzungushwa waone jua likizama. Mimi nikawa baharia wa kujitolea. Kazi yangu: kuchota maji ndani ya chombo, kushikilia kamba nisizojua majina yake, na kupiga video.

Kwa ambao hamjafika, wacha niwachoree. Mji wa Lamu unatazamana na kisiwa cha Manda, na katikati kuna mkondo wa bahari. Mtu wa bara akiuona mara ya kwanza anauita mto, na simlaumu. Una kingo mbili. Maji yanakwenda upande huu kama masaa sita, halafu yanageuka yanarudi yalikotoka. Siku za bamvua yanakwenda kwa nguvu mpaka mashua inasukumwa kando ikiwa bado imeangalia mbele.

Na mkondo huo ndio barabara kuu. Uwanja wa ndege uko Manda. Basi la kutoka Mombasa linaishia Mokowe, bara. Kwa hivyo abiria, saruji, kreti za soda, magodoro, mgonjwa na bibi harusi, wote wanapita majini. Kuna vyombo vinatoka Manda vimebeba mawe ya kujengea, vimezama mpaka ukingo wake unakaribia maji. Kuna wavuvi. Kuna boti za shule. Halafu, katikati ya hao wote, kuna sisi tunaojienjoy.

Watu hudhani raha ya mashua ni kupanda na kukaa. Asilimia kubwa ya raha hiyo ni kungoja. Unangoja maji. Unangoja upepo. Unangoja mgeni aliyesema saa kumi na bado yuko hotelini anatafuta miwani. Siku ya nne tulipeleka watu Takwa, lile gofu la mji wa kale kisiwani Manda ambao wenyewe waliuhama karne ya 17. Njia ya kufika ni kijito kinachopita katikati ya mikoko, na kinapitika maji yakijaa tu. Ami aliwaambia wageni nusu saa ya kutembea. Wakakaa saa moja na robo, wanapiga picha ukuta na kaburi la mnara. Tuliporudi, kijito kilikuwa tope. Tukakaa pale masaa mengi, sisi, mbu na kaa. Mgeni mmoja akaniuliza kama siwezi kupigia mtu simu. Nikamwambia, nimpigie nani, mwezi?

Halafu kuna kubisha. Mimi nilikuwa najua kubisha ni kubishana na mtu. Kumbe ukitaka kwenda kule upepo unakotoka, huwezi kwenda moja kwa moja. Unakwenda upande mmoja, unageuza tanga, unarudi upande wa pili, kidogo kidogo, kama mtu anayepanda mlima kwa kona kona. Kwenye mkondo mwembamba maana yake ni kwamba kila baada ya dakika chache unakata njia ya watu wote. Dereva wa spidiboti haelewi. Yeye anaona umemkatia makusudi. Anapiga kelele, ami anapiga kelele zaidi, halafu wakifika gatini wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Nilichukua muda kuelewa kwamba hawagombani. Wanaendesha tu.

Lakini pia, jamani, kuna ile dakika. Injini imezimwa, tanga limepanda, na upepo unalishika kwa mpigo mmoja, pwaa! Chombo kinalala upande, watu wanakimbilia upande wa joshi ili kisipinduke, na ghafla hakuna kelele. Unasikia maji tu yakipita chini ya mbao. Maghribi inaingia, adhana inaanza msikiti mmoja, unafuata wa pili, wa tatu, sauti zote zinakuja juu ya maji. Nyuma, binamu yangu anapalia wali wa nazi kwenye jiko la makaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga. Nilikuwa sijalala vizuri tangu niache chuo. Usiku wa kwanza baada ya kutoka na mashua nililala masaa kumi.

Sasa hiyo dakika ndiyo niliyotaka kuipiga video. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku hiyo ami hakuwepo. Alikwenda maziko Matondoni, mashua tukaachiwa mimi na binamu. Nikapata wazo. Mashua peke yake ni nzuri, lakini mashua na spidiboti ikipita kando, maji yameruka, jua nyuma? Hiyo ni kontenti. Nikaongea na kijana mmoja wa spidiboti, rika langu. Nikamwambia apite karibu na sisi. Mara ya kwanza akapita mbio sana, akatoka kwenye picha kabla sijamshika. Nikampungia mkono arudi, apite nusu mwendo. Akarudi. Mara ya tatu ikatoka safi kabisa.

Nilidhani kumwambia apunguze ni ustaarabu. Kumbe ni kinyume. Boti ya aina ile ikikimbia sana inainuka, inateleza juu ya maji. Ikienda polepole kabisa, haisumbui mtu. Ni pale katikati, pua imeinuka na tako limezama, ndipo inapolima maji na kutoa wimbi kubwa kuliko yote. Mimi ndiye niliyeiagiza iende mwendo huo. Mara mbili.

Wimbi lilitufikia, mashua ikaruka, maji yakaingia, tukacheka. Kwetu ilikuwa sehemu ya raha. Hatukugeuka kuangalia linakwenda wapi baada ya sisi.

Video ikapaa. Mliiona. Kwa siku tatu simu yangu haikupoa. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo nilihisi naweza kumwambia baba, unaona? Usiku wa tatu, tumekaa barazani, nikampa ami simu aangalie kijana wake alivyo mtu. Ami hana miwani, anashika simu karibu na jicho. Akaangalia mpaka mwisho. Akanyamaza. Akasema, "Hebu rudisha."

Nikarudisha.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaweka kidole kwenye kona ya chini, upande wa Manda, karibu na mikoko. Nimeikata na kuihariri ile video labda mara hamsini, na sikuwahi kuangalia kona ile. Kulikuwa na hori, kile chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili. Ndani kulikuwa na watu wawili, mmoja mdogo. Ukiiacha video iendelee, wimbi linafika pale sekunde chache baada ya spidiboti kupita. Hori linainuka, linalala. Halafu unaona kichwa kimoja tu.

"Yule ni mzee wa Shela," ami akasema. "Na mjukuu wake."

Nikauliza kama mtoto yuko sawa. Ami akasema angekuwa si sawa tungeshasikia, mji huu ni mdogo. Kisha akasema, "Lakini wewe hukujua kama yuko sawa, mwanangu. Siku tatu." Akanirudishia simu, akaingia ndani kulala. Ningependa angenifokea.

Usiku ule sikulala. Nikatafuta kwenye simu sheria inasemaje, nadhani nilikuwa natafuta mahali pa kujitetea. Kuna kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini. Chombo cha injini kinatakiwa kukipisha cha tanga. Cha tanga nacho kinampisha anayevua kwa vifaa vinavyomzuia kugeuka. Lakini ndani ya mkondo mwembamba, kidogo na cha tanga visimzuie mkubwa ambaye hana pengine pa kupita. Na kila chombo, wakati wote, kiende mwendo ulio salama. Nilipoyasoma niliona kila kanuni inauliza swali moja: nani hapa hana namna ya kukwepa? Huyo ndiye apishwe.

Asubuhi nikamsomea ami. Akauliza, "Zimeandikwa lini?" Nikasema 1972. Akasema, "Babangu alikuwa ashajua." Kisha akavaa kofia, tukaenda Shela.

Mzee tulimkuta anashona wavu. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima. Akanikatiza. Hakutaka hotuba. Akahesabu kwa vidole: mishipi miwili, ndoana, ndoo, chambo, samaki waliokuwa ndani, na simu ya mjukuu iliyoingia maji. Jumla 4,600. Nilikuwa na 3,000, nyingine nikamtumia kwa simu Ijumaa. Hakusema "usijali". Hakusema "yamekwisha". Alisema, "Mimi huvua pale kwa sababu pale ndipo maji yametulia." Basi.

Mtoto, kama miaka kumi hivi, alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kama ni kweli yuko kwenye video. Nikamwonyesha. Akaitazama mara mbili, akasema, "Hapa ndipo kofia yangu ilipokwenda." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaonyesha tu, kama mtu anayekuonyesha nyumbani kwao. Mpaka leo hilo linanisumbua kuliko zile 4,600. Kofia haikuwa hata kwenye hesabu ya mzee.

Ndiyo maana nimeifuta. Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Sikutaka tu iendelee kuniletea sifa wakati najua kilicho kwenye kona.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi tusiende kujienjoy majini. Nendeni. Raha ile ni halali kabisa, na watu kama ami wanakula kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba maji hayajatengenezewa wikendi yetu. Iwe Lamu, iwe Mtwapa, iwe Dunga kule Kisumu au Naivasha, pale unapopata raha kuna mtu yuko kazini. Na tofauti ya boti na gari ni hii: gari likipita limepita. Boti ikipita, inaacha kitu nyuma kinachoendelea kusafiri. Wimbi humfika mtu wewe ukiwa ushaenda, muziki juu, umeangalia mbele.

Kwa hivyo ukikodi boti, fanya mambo matatu. Vaa laifujaketi hata kama inaharibu picha. Mwambie nahodha wako, kwa adabu, kwamba huna haraka, juu mara nyingi anakimbia akidhani wewe ndiye unataka. Na mkimpita mtu aliye kwenye chombo kidogo, geuka uangalie nyuma. Angalia mpaka wimbi limfikie. Kama ametikiswa, rudini.

Siku yangu ya mwisho Lamu tulitoka jioni, ami kwenye usukani. Tulipokaribia mikoko ya Manda nikaliona lile hori. Ami hakusema kitu. Akageuza mapema, tukapita mbali, upande ambao upepo haukuwa mzuri, tukapoteza kama robo saa kubisha upya. Mgeni mmoja akauliza mbona tumezunguka. Ami akamwambia pale kuna mtu anavua.

Mtoto akainua mkono. Nikainua wangu. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani.