Anayeitwa Mambo Yakiharibika

Leo naandika kutoka Mkomaindo, hapa Masasi, nimekaa barazani kwa mama na simu mkononi. Nasubiri mhariri apige. Kwa wasiojua, mimi ni mwandishi wa kulipwa kwa habari. Isipotoka, hupati kitu. Wiki ya tatu sasa, kimya. Jana mama kaniuliza, “Mwanangu, kwani kazi yako ni kuangalia simu?” Nikakosa jibu.

Katika kupoteza muda nikajikuta nasoma habari za besiboli. Msicheke! Kumbe jirani zetu Waganda wako mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasajili warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Baadaye Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, kijana ambaye mpira wake unakimbia karibu maili 100 kwa saa.

Kilichonigusa ni kazi yenyewe ya Matoma. Msimu wa 2024, katika timu za chini za Pirates, alikuwa mrushaji wa akiba. Huyu haanzi mechi. Anakaa pembeni na wenzake, pengine saa mbili nzima, pengine asiitwe kabisa. Kwenye ligi kuu huko pembeni kuna simu, kweli kabisa! Ikilia, mtu anainuka, anapasha mkono, anaingia. Mara nyingi anakuta mwenzake kachoka na wapinzani wameshajaa uwanjani. Hakuyaanzisha yeye, lakini mechi ikipotea wanamkumbuka yeye.

Hata mkubwa wao, Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Panama, yalimkuta. Aliokoa mechi 652 akiwa New York Yankees, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingia kwenye jumba la magwiji wa besiboli kwa kura zote bila hata moja kumkataa. Lakini fainali ya 2001, mechi ya saba, ushindi ukiwa mkononi, Arizona walimpokonya katika zamu ya mwisho. Msimu uliofuata alirudi palepale, kusubiri aitwe.

Hapo ndipo nikaona kosa langu. Mimi nilikuwa nasubiri tu. Wenzangu husubiri huku mkono uko tayari. Simu ingelia jana, ningempa mhariri nini? Sina hata mstari mmoja!

Kwa hiyo wadau, kesho alfajiri naenda ghalani kuongea na wakulima wa korosho kabla ya mnada. Nitaandika, apige asipige.

Mama nimeshamwambia. Kasema simu niiache nyumbani. Hapo tumegombana kidogo...