Riwaya ya Mjukuu Wangu

Nilimkuta mjukuu wangu amejikunyata kwenye kiti karibu na dirisha, kitabu mkononi, wala hakusikia nilipomwita aje kula. Nje theluji ilikuwa ikianguka juu ya mji ule mdogo wa New Jersey ambako binti yangu anaishi na kufanya kazi. Ilikuwa Januari 2019, nami nilikuwa nimetoka Kenya kwenda kuwatembelea kwa miezi mitatu. Nikalitazama jalada. Palikuwa na msichana mwenye nywele nyeusi na askari kijana, wamesimama kwenye stesheni ya garimoshi, wameshikana mikono. Nikamwuliza kwa ile sauti ya ualimu ambayo kustaafu hakukuiondoa:

"Ndiyo mnayofundishwa shuleni hayo, mapenzi?"

Akacheka. "Nyanya, hii ni historia."

"Historia gani ya kushikana mikono?"

"Kisome kwanza, Nyanya, halafu ndipo unikanye."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Nilikichukua kitabu kile usiku huo kwa nia ya kutafuta makosa, kama nilivyozoea kufanya na madaftari ya wanafunzi. Kulipokucha nilikuwa nimekimaliza. Jina lake sina haja ya kulitaja, kwa maana baadaye niliazima vingine vinne vya namna hiyo katika maktaba ya mji, nikaona vyote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Msomaji, habari yenyewe ni hii. Msichana ana miaka kumi na saba. Wazazi wake walitoka Sicily, wakahamia Monterey, katika pwani ya California, ambako baba yake anavua dagaa. Nyumbani wanasema Kisicily, mtaani Kiingereza. Jumapili ni kanisani, kisha ni meza ndefu yenye tambi na mchuzi wa nyanya uliopikwa tangu alfajiri, na kila mtu anasema kwa wakati mmoja. Kaka yake amejiunga na jeshi la Marekani. Rafiki wa kaka huyo, kijana asiye Mwitaliano, anakuja kula siku moja, na msichana anamwagia kahawa mezani kwa kutetemeka. Hapo niliguna. Mapenzi ya kumwaga kahawa niliyajua tangu zamani.

Lakini tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani wanashambulia Pearl Harbor, na siku chache baadaye Marekani na Italia ziko vitani. Hapo kitabu kikabadilika, au labda niliyebadilika ni mimi. Wale Waitaliano wote waliokuwa hawajachukua uraia wa Marekani, watu wapatao 600,000, walitangazwa kuwa wageni wa taifa adui. Wengi wao walikuwa wameishi pale miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Hawakuchukua uraia kwa sababu ambazo mtu yeyote wa kijijini atazielewa: mama alikuwa na watoto wa kulea, au hakujua kusoma, au aliiogopa ofisi. Katika riwaya ile baba ni raia, mama siye. Basi chini ya dari moja mnalala raia mmoja, adui mmoja, na watoto waliozaliwa palepale, ambao mmoja wao amevaa sare za jeshi.

Mambo haya hayakubuniwa na mtunzi. Waliotajwa kuwa maadui walitakiwa kujiandikisha mapema mwaka 1942, wakapewa kijitabu cha kutembea nacho. Walikatazwa kuwa na redio za masafa mafupi, kamera na silaha. Hawakuruhusiwa kwenda mbali na nyumbani bila kibali. Sehemu za California ziliwekewa kafyu, kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kiasi cha watu 10,000 walihamishwa kutoka maeneo yaliyokatazwa katika jimbo hilo, hata wazee wasiojua ni hatari gani inayopatikana katika bustani ya mboga. Wavuvi walizuiwa kwenda baharini, na jeshi la majini likachukua mashua nyingi kwa kazi ya vita. Joe DiMaggio, aliyekuwa nyota mkubwa kabisa wa mchezo wa besiboli, baba yake mzazi alikatazwa kufika kwenye gati la San Francisco alikozoea kuvua. Taifa lilimshangilia mtoto na kumwogopa mzee wake.

Hayo yalidumu mpaka tarehe 12 Oktoba 1942, siku ya kumkumbuka Columbus, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle alipotangaza kwamba Waitaliano hawatahesabiwa tena kuwa wageni wa taifa adui. Miezi tisa, kumi hivi. Ukiihesabu kwa kalenda ni michache. Lakini mama katika kitabu kile hakurudi tena kuzungumza Kisicily sokoni, na watoto hawakumwuliza kwa nini.

Na mwaka uliofuata, Julai 1943, majeshi ya Marekani na Uingereza yalishuka Sicily. Kaka wa msichana yule yumo. Anakwenda na bunduki katika kisiwa ambako nyanya yake bado anachota maji kisimani. Barua zake zinafika zimefutwa maneno na wakaguzi. Mama, ambaye hajui kusoma, anamsikiliza binti akizisoma, na binti anajifunza kuruka mistari.

Nilianza kufahamu kwa nini watunzi hawa wanawaandikia vijana habari hizi na kuzivisha mapenzi. Mtoto wa miaka kumi na minne hatasoma tangazo la serikali. Lakini akimpenda msichana wa kitabuni, atataka kujua kama kijana yule atafika kabla ya kafyu. Akiisha kuijali ile saa mbili usiku, basi sheria nzima imekwisha kumwingia moyoni. Sisi walimu tulikuwa tukiwakaririsha tarehe na kushangaa kwa nini zinawatoka.

Sisemi kwamba vitabu hivi havina kasoro. Karibu vyote vinaishia harusini au kwenye stesheni ya garimoshi, askari amerudi mzima au anachechemea kidogo tu, kiasi cha kupendeza. Mzazi mkaidi hulainika katika sura ya mwisho kabla ya meza kutandikwa. Tena, katika viwili kati ya vile vitano, jirani Mjapani anatajwa ukurasa mmoja na kupotea. Hali Wajapani waliokuwa pwani ile walikamatwa na kupelekwa makambini kama 120,000, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, na wao hawakungoja miezi kumi, walingoja miaka. Mtunzi akilia na mtu mmoja asimfunike mwingine kwa leso yake.

Kilichonigusa zaidi ni kimya. Watoto wa familia zile walikua bila kuambiwa. Wazee waliona aibu, kana kwamba aliyeandikwa adui alikuwa na lake la kuficha. Mpaka mwaka 1994 ndipo maonyesho yalipofunguliwa San Francisco kuisimulia habari hii, nayo yakaitwa kwa Kiitaliano "Una Storia Segreta", yaani historia ya siri. Mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kukiri kwamba Waitaliano wale walidhulumiwa. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, na wengi waliobeba vijitabu vile walikuwa wamekwisha zikwa.

Sasa niseme kilichonikosesha usingizi. Katika sura ya tano mama anakwenda posta kujiandikisha. Anapigwa picha, kidole chake kinapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Anarudi nyumbani, anaosha mikono mara tatu, kisha anakanda unga wa mkate bila kusema neno. Nilikiweka kitabu chini, nikaitazama mikono yangu.

Baba yangu alivaa kipande shingoni, kimefungwa ndani ya mkebe wa chuma, chenye alama za vidole vyake, kama walivyovaa wanaume wa Kiafrika wa Kenya wakati ule wa ukoloni. Kisha akaingia K.A.R., na wakati wa vita vile vile vya kitabuni akawekwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kulinda mateka Waitaliano waliotekwa Uhabeshi. Alitusimulia mengi juu yao: walivyoimba, walivyojua kujenga, na jinsi watatu walivyotoroka kambini mwezi Januari 1943, wakapanda mlima, kisha wakarudi wenyewe wakajisalimisha. Alikuwa akicheka hadi machozi akifika hapo. Mateka mmoja alimfundisha kuamkia kwa Kiitaliano, na kila asubuhi alituamkia hivyo, tukiwa watoto tusioelewa.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, walimchukua. Alikaa kizuizini miaka mitatu na nusu. Sisi tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, tukalala kwa kafyu, na mama akatembea na pasi. Aliporudi baba hakutuamkia tena kwa Kiitaliano. Yeye aliyewahi kuwa mlinzi langoni alikuwa amejua lango hilo linavyoonekana kutoka ndani.

Mwaka 1966 nilikuwa na miaka ishirini, nasomea ualimu, nikampenda kijana tuliyesoma naye. Alikuwa mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu. Baba yake alikuwa homgadi katika kijiji chetu kile cha handaki. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa mtoto kama mimi, na njaa ilimwuma kama mimi. Nilimwambia baba yangu. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, nyumba ile siwezi kuingia kunywa uji." Basi. Nikamwandikia kijana barua moja, akanijibu kwa moja. Niliolewa na mtu mwingine, mtu mwema, Mungu amrehemu, tukazaa watoto wanne. Na kwa zaidi ya miaka hamsini sikumsimulia mtu yeyote habari hii, hata binti yangu.

Kwa hiyo niliposoma ile sura ya mwisho, mzee wa Kisicily akimkumbatia mkwe wake mbele ya wageni, nilikasirika. Nilikasirika mwanamke mzima wa miaka sabini na zaidi, saa tisa usiku, nikikigombeza kitabu cha watoto. Nilitaka kumwuliza mtunzi ni nani aliyemwambia kwamba wazee hulainika.

Asubuhi mjukuu wangu aliniuliza, "Umekionaje, Nyanya?"

Ningeweza kusema kizuri, tukanywa chai. Badala yake nilimwambia akae. Nikaanza na kipande, nikaja Nanyuki, nikaja handaki, na mwisho nikafika kwa kijana. Binti yangu alikuwa jikoni, na baada ya muda niliona sauti ya vyombo imenyamaza. Alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "na mimi hukuniambia."

"Hukuniuliza," nikamjibu, na mara ile nikaona jibu hilo lilivyo dhaifu. Mtoto ataulizaje asichojua kwamba kipo?

Mjukuu wangu aliuliza alilouliza: "Yeye yuko hai?"

Nikamwambia alizikwa mwaka 2011, kwamba nilikwenda, nikasimama nyuma pamoja na walimu wenzangu, na watu wakadhani nimekwenda kwa ajili ya chama cha walimu.

Wazee wenzangu, tunasema watoto wa siku hizi hawasomi, na wakisoma tunasema wanasoma upuuzi. Kabla ya kuwanyang'anya kitabu, tukikague kwanza kuna nini ndani yake. Huenda mtunzi wa mbali, akisimulia habari za wavuvi wa Monterey, amemwambia mjukuu wako jambo ulilopaswa kumwambia wewe. Amemwambia kwa utamu uliozidi kidogo, na mwisho wake amenyoosha usionyooka. Kazi ya kuurudisha mwisho huo mahali pake ni yetu, nasi hatuna muda mrefu.

Kabla hatujainuka, mjukuu wangu aliniuliza jina la yule kijana. Nikamtajia. Lilinitoka kwa shida, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa muda mrefu, lakini lilitoka. Hapa siliandiki, kwa sababu ana watoto na wajukuu, na huenda na wao hawajaambiwa.