Mwalimu Naye Alipiga Kifua

Sinza yetu ni mtoto wa serikali ya Mwalimu Nyerere. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni. Serikali ikachonga barabara na kuleta maji, wananchi wakajijengea wenyewe. Ndiyo maana mitaa yetu imenyooka kuliko ya jirani zetu wa Tandale. Tuliolelewa katika nyumba hizi tumekua tukimshukuru Mwalimu, na picha yake sebuleni kwetu imetundikwa karibu na ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Miaka hiyohiyo, huko mikoani, mambo yalikuwa mengine. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa shamba wawe wamehamia. Wapo waliokwenda kwa moyo. Wapo pia waliopakiwa kwenye malori, na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto wasije wakarudi. Mkono uliotugawia sisi kiwanja uliwatoa wengine kwenye makaburi ya babu zao.

Mwanangu anayesoma chuo alikutana na habari hizi darasani. Jioni ya sikukuu ya Kristo Mfalme akaniuliza, “Mama, Kanisa linamwita Mwalimu Mtumishi wa Mungu. Wale waliochomewa nyumba tuwaambie nini?”

Lipo jibu la haraka, nalo wote tumelisikia: Mwalimu hakujua, walioharibu ni watendaji wa chini. Jibu hilo silipendi. Linamsafisha mkubwa kwa matope ya wadogo, na Biblia haifanyi hivyo. Samweli aliwaonya Waisraeli mapema kwamba mfalme wanayemtaka atawachukua watoto wao na mashamba yao. Hata Daudi, mpendwa wa Mungu, habari ya Bathsheba na mumewe Uria imeandikwa yote. Ingekuwa sisi tunaoandika, Uria angekufa kwa malaria.

Nilimkumbusha mwanangu kwamba sikukuu tuliyotoka kuiadhimisha si ya zamani sana. Papa Pius XI aliiweka mwaka 1925, Mussolini akiwa madarakani palepale Italia, na Ulaya ikiwa bado na majeraha ya vita ambayo watawala wake waliianzisha. Kanisa halikujibu kwa kutafuta mtawala mwingine wa kumsifu. Lilionyesha Mfalme ambaye taji lake lilikuwa la miiba, na ambaye katika utawala wake damu iliyomwagika ni yake mwenyewe.

Mwalimu alimjua Mfalme huyo. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku, na Misa huanza kwa kila mtu kupiga kifua na kukiri kwamba amekosa sana. Mimi hapo ndipo ninapomwona Mtumishi wa Mungu: Rais wa nchi, asubuhi, akisema kosa ni lake. Sisi tunaosema hakukosa tunamkanusha maneno yake.

“Kwa hiyo tukae tu tumsubiri Mfalme?” kijana akauliza.

Nikamwambia hapana, baba. Anayemsubiri Yule halazimiki kumfanya binadamu kuwa mungu ili apate tumaini. Anaweza kumshukuru Mwalimu kwa kiwanja, akawalilia waliohamishwa, na asione kwamba amemsaliti mtu. Na rais wa leo anaweza kumwombea na kumwambia ukweli kwa mdomo uleule.

Sijui kama aliridhika. Lakini Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya, zamu ya maombi ilipomfikia, aliombea roho ya Mwalimu, halafu akawaombea wote waliotolewa makwao miaka ile. Watu wakasita kidogo. Aliyetangulia kuitikia ni mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasikiki, na siku ile alisikika hadi barabarani.