Dakika Kumi na Tano

Katika orodha ya misimbo ya kitabibu ya Marekani, kazi yangu inaitwa T1013. Maana yake ni ukalimani, wa mdomo au wa lugha ya ishara, kwa kila dakika 15. Niliuona msimbo huo darasani, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili katika afya ya jamii. Jioni nilikuwa nikikalimani Kiswahili kliniki ili nipate kodi ya chumba. Nilicheka kidogo. Sikuwa nimewahi kujiona kama kipande cha dakika 15.

Mhadhiri alitueleza ulikotoka. Medicaid, bima ya watu wenye kipato kidogo, huendeshwa na majimbo, ingawa sehemu ya fedha hutoka serikali ya shirikisho. Zamani mashirika ya afya ya majimbo yalijitungia misimbo yao kwa huduma ambazo hazikuwa na jina kwingine. Msimbo wa jimbo moja haukuwa na maana kwa jirani yake. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 ilileta amri ya kila mtu kutumia orodha moja, na misimbo ya kienyeji ikafutwa. Misimbo ya herufi T iliwekwa kwenye orodha ya taifa kwa ajili ya mashirika hayo ya Medicaid. Lakini kuwa na msimbo si kulipwa. Kila jimbo huamua lenyewe kama litamlipia mkalimani, na mengi hayalipi.

Kisha akatusimulia habari ya tarehe 1 Oktoba 2015. Siku hiyo nchi nzima ilihamia toleo la kumi la orodha ya magonjwa, kutoka misimbo 14,000 hivi hadi karibu 69,000. Mifumo ya malipo ya Medicaid katika majimbo manne, California, Louisiana, Maryland na Montana, haikuwa tayari. Serikali ya shirikisho iliyaruhusu yapokee misimbo mipya, kisha yaigeuze kuwa ya zamani ili yaweze kukokotoa malipo. Darasa zima lilicheka. Mimi nilinyamaza. Kupokea neno moja, kutoa lingine, na kuomba kisidondoke kitu njiani: hiyo kazi naijua.

Wiki chache kabla ya somo hilo nilikuwa nimedondosha kitu.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Muuguzi alimuuliza anaumwa wapi. Akaweka kiganja kifuani, akasema, "Moyo unaniuma, mwanangu. Silali." Nilikuwa nimechoka, na mgonjwa mwingine alikuwa akinisubiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ana maumivu ya kifua.

Kuanzia hapo kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Daktari aliagiza kipimo cha moyo. Kwenye karatasi aliyopewa mama wakati wa kuondoka paliandikwa R07.9, maumivu ya kifua yasiyobainishwa. Msimbo ulikuwa halali. Ungesomeka hivyo hivyo Maine na Hawaii. Kosa pekee lilikuwa sentensi yangu, na hakuna mfumo uliokuwa na namna ya kuliona.

Aliporudi kuchukua majibu, niliitwa mimi tena. Moyo wake ulikuwa mzima. Daktari alitabasamu, nami nikatafsiri habari njema. Mama hakufurahi. Akaniambia taratibu kwamba tangu siku ile alikuwa ameacha kumbeba mjukuu wake, akiogopa kuanguka naye. Kisha akauliza, "Kama moyo ni mzima, mbona unaniuma?"

Tumefundishwa namna ya kusema katika hali kama hiyo. Nikasema, "Mkalimani anaomba kusahihisha tafsiri yake ya awali." Midomo ilikuwa imenikauka. Nikaeleza kwamba kwa Kiswahili moyo unaouma unaweza kuwa kifua, na unaweza kuwa huzuni, na kwamba sikumuuliza ni upi. Daktari akageuza kiti chake kutoka kwenye kompyuta. Nikamgeukia mama, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza.

Alisimulia polepole. Walipokuwa wakikimbia, mwanawe mkubwa alibaki nyuma kutafuta maji. Hadi leo hajui kama yu hai.

Safari hii karatasi iliandikwa Z63.4: kutoweka au kufa kwa mwanafamilia. Niliusoma msimbo huo mara mbili. Mwanzoni ulinikera. Inakuwaje kutoweka na kufa viwekwe kwenye kisanduku kimoja, kana kwamba ni kitu kile kile? Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikitegemea naye atakereka.

Akauliza, "Wameandika yote mawili?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sawa," akasema. "Mimi watu wananiambia nichague."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. Daktari alimwandikia rufaa kwa mshauri wa afya ya akili, nami nikajaza fomu yangu ya muda. Dakika 45, yaani vipande vitatu vya T1013. Siku ile ya kwanza, nilipokosea, nilikuwa nimetumia kimoja tu.