Mchina Akichapia Tunampigia Makofi

Ndugu zangu wa Msimbazi, Narung'ombe, Congo na vichochoro vyote vya katikati ya mji, salaam kutoka Hamburg.

Barua ya leo nilikuwa nimeipanga iwe ya kodi za nyumba huku. Itasubiri, kwa sababu kuna video mmenirushia kwenye kila grupu nililomo, na imenikera. Winga wa Kariakoo, yaani dalali wa wateja, amemshika mama mmoja wa Kizambia, anampeleka kwenye fremu ya viatu, anamweleza mzigo kwa Kiingereza chake. Jana imekuwa kesho, umoja umekuwa wingi, lakini saizi, rangi na bei ya dazeni vyote vimefika. Nyuma ya simu inayorekodi watu wanavunjika mbavu. Chini yake mmeandika "kachapia, kachapia" mpaka nikachoka kusoma. Sikuona hata mmoja aliyesema kwamba mwishoni yule mama alifungua pochi na kuhesabu hela.

Sasa tuseme ukweli. Hatua chache kutoka hapo kuna Mchina mwenye duka la mabegi. Anasema, "Rafiki, wewe chukua mbili, mimi punguza." Ngeli hana, viambishi kaviacha uwanja wa ndege. Tunamfanyia nini? Tunacheka kwa furaha, tunampa jina la Juma, tunamwambia taratibu, "Sema nitakupunguzia." Mteja akitoka hapo anasimulia daladala nzima kwamba kuna Mchina anaongea Kiswahili hatari! (Siasa za nani afanye biashara gani Kariakoo siziingilii leo, nazungumzia masikio yetu tu.) Mchina akichapia Kiswahili tunampigia makofi. Mtoto wa Gerezani akichapia Kiingereza tunamrekodi. Halafu tunashangaa kwamba baada ya muda Juma anatania na kutukana kama mzaliwa wa Ilala, wakati kijana wetu, aliyesoma Kiingereza kama somo shule ya msingi, kisha akafundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza sekondari, simu ya mteja wa Lilongwe ikiita anaigawa kwa mwenzake.

Huku mambo yamepangwa hivi. Wageni wengi wanaotaka kukaa Ujerumani hupelekwa kwenye kozi inayoitwa Integrationskurs. Kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha, kila kimoja dakika 45, kisha vipindi 100 vya sheria, historia na desturi za nchi. Lengo ni kufika ngazi ya B1, yaani uweze kujieleza kazini, hospitali na kwa mwenye nyumba bila kushikwa mkono. Darasani unakuta Msyria, Mueritrea, Muukraine, na wazee ambao kwetu tungeshawatafutia kigoda barazani. Kila mtu anaharibu sentensi, na mwalimu anaendelea na kazi.

Namkumbuka mzee mmoja wa Kiafghani, fundi cherehani kwao, ndevu nyeupe. Wakati wa mapumziko tuliingia naye duka la mikate. Akanyoosha kidole: "Eine Brot, bitte." Kakosea, Brot haichukui eine. Yule dada wa dukani akajibu, "Ein Brot, gerne. Geschnitten?" Mzee akaduwaa. Dada akaonyesha mashine ya kukatia mikate, akapitisha kiganja hewani kama kisu. Mzee akatikisa kichwa kukubali, mashine ikanguruma, mkate ukatoka vipande. Siku nyingine nikiwa nyuma yake kwenye foleni nikamsikia: "Ein Brot, bitte. Geschnitten." Hakuna aliyemfundisha kanuni. Dada alirudia sentensi yake ikiwa imenyooka, akampa neno jipya likiwa na mlio wake, akapokea hela, akamwita mteja mwingine. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoshika lugha: anasema anachotaka, anajibiwa kile alichotaka kusema, na sentensi sahihi inampitia sikioni wakati bado ana haja nayo.

Msidhani nawasifu Wajerumani kwa kila kitu. Hapa kuna ofisi ya umma ambayo barua zake hata Mjerumani jirani yangu huzisoma mara mbili akiguna. Na vijana wao wana ugonjwa mwingine: ukikwama kidogo tu wanahamia Kiingereza, wakidhani wanakusaidia, kumbe wamekunyang'anya zoezi. Dawa yake ni kutabasamu na kusema "Auf Deutsch, bitte," kisha unaendelea kukwama kwa Kijerumani.

Najua mtakachonijibu: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imewapa watu wengi likizo ya kutojifunza. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walitoa utafiti wao juu ya wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, watoto kwa watu wazima. Miezi ya mwanzo waliokuwa mbele ni vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima, na wa nyuma kabisa walikuwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Watoto wakubwa kidogo kuliko hao walikuja kuwafikia watu wazima baadaye. Mtoto ana muda, hana kodi ya fremu. Kinachomshinda mtu mzima mara nyingi ni lafudhi, na lafudhi haijawahi kumzuia mtu kuuza kiatu.

Tena Kariakoo yenyewe nani aliijaza Kiswahili? Wazaramo walikuja na Kizaramo chao, Wamanyema na chao, Wanyamwezi na chao mpaka wakaachiwa jina la mtaa. Wengi walifika wakiwa watu wazima, wakajifunza kwenye mizigo, kwenye ngoma na misikitini. Hakuna aliyedaiwa cheti. Na hawa Wajerumani nao waliwahi kukaa madawatini kwa ajili yetu: Berlin ilifungua chuo cha lugha za mashariki mwaka 1887, na kuanzia 1900 mmoja wa waliofundisha Kiswahili pale alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule yule wa Desturi za Wasuaheli, ambaye baadaye alifundisha hapa hapa Hamburg. Waliokaa mbele yake walikuwa watu wazima wanaojiandaa kuja pwani yetu. Walichokuja kukifanya sina sababu ya kukisifu. Ila walijifunza, kwa sababu lugha ilikuwa na kazi ikiwasubiri bandarini.

Ndiyo maana yale matangazo ya kwenye nguzo, "Kiingereza kwa miezi 3, utaongea kama maji," nayaonea uchungu. Mnalipa, mnapewa kitini, mnakariri vitenzi, mnarudi mtaani mnanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Hesabuni vipindi 600, halafu mniambie maji gani hayo ya miezi 3 kwa saa mbili za Jumamosi.

Kwa anayetaka kweli, iwe Kijerumani, Kifaransa cha wateja wa Lubumbashi au Kichina cha kuagizia mzigo Guangzhou, sikiliza. Chukua boksi la viatu, ligawe kwa makaratasi magumu vyumba vitano. Kata kadi, upande mmoja sentensi ya Kiswahili, upande wa pili ya kigeni. Zote zinaanza chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukiipata kadi, inahamia chumba kinachofuata, ambacho unakifungua kwa nadra zaidi; ukiikosa, hata ikiwa imefika chumba cha tano, inarudi mwanzo bila huruma. Hiyo ni njia ya Sebastian Leitner, aliyeieneza kwa kitabu mwaka 1972, na chini yake kuna kazi ya Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejikaririsha silabi zisizo na maana na kutangaza mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo dakika 20 kila siku kabla ya kufungua fremu zinashinda Jumapili nzima. Usiandike neno moja moja, andika sentensi za kazi yako: zimebaki dazeni ngapi, lipa nusu, mzigo unafika Alhamisi. Ukiwa unasoma Kijerumani, jina la kitu libebe pamoja na der, die au das yake tangu siku ya kwanza, na usitishwe nayo. Mtu aliyelelewa na ki-vi, m-mi na li-ya anashindwaje na makundi matatu? Sikiliza vitu unavyovielewa kwa sehemu kubwa, si taarifa za habari zinazokupita kama treni. Deutsche Welle, mnayoisikiliza kwa Kiswahili tangu 1963, ina masomo ya bure kwenye intaneti yanayoitwa Nicos Weg, kuanzia A1 mpaka B1. Kusikiliza peke yake hakutoshi, lazima mdomo ufanye kazi. Merrill Swain aliwaangalia wanafunzi wa Kanada waliofundishwa kwa Kifaransa miaka mingi: walielewa karibu kama wenyeji, lakini walipofungua mdomo sarufi iliyumba, na mwaka 1985 akaandika kwamba kusema ndiko kunakoweza kumlazimisha mtu kuangalia sentensi inavyojengwa, si maana tu. Wanafunzi wetu wa sekondari mnawajua.

Na wewe shemeji unayeniuliza kila mara kuhusu mtihani wa A1 pale Goethe-Institut, ili uje kuungana na mwenzio: sehemu ya kuongea inaanza na kujitambulisha. Jina, umri, unapotoka, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda kufanya. Watakuambia utaje jina lako herufi kwa herufi, na namba fulani, mara nyingi ya simu. Kisha utauliza na kujibu maswali madogo, na kuomba kitu kwa adabu. Hayo yote wewe unayafanya kutwa nzima kwa Kiswahili, na wateja wagumu kuliko mtahini yeyote.

Kuanzia wiki ijayo sauti za Kiswahili zinazouliza kozi gani nzuri sitazijibu. Nirekodie kwa Kijerumani, vibaya hivyo hivyo: jina herufi kwa herufi, namba ya simu, unauza nini na bei gani. Nitakujibu kwa Kijerumani. Wale wadogo zako wenye tabia ya kucheka wapeleke sokoni kwanza.