CD Kwenye Shamba la Wimbi

Nilipoacha chuo mwaka 2019, katikati ya mwaka wa pili, nilirudi Matulo na begi moja, laptopu na uongo. Uongo ulikuwa kwamba kuna mgomo. Mama aliuamini, kwa sababu migomo ya vyuo vikuu si habari ngeni Kenya. Khocha, kaka yake mama, hakuuamini, ila hakusema kitu. Alinipa kazi kwenye kibanda chake cha gemu.

Kibanda cha mabati, televisheni mbili, PlayStation 2 mbili, mabenchi. Mechi shilingi 10, na aliyefungwa ndiye analipa.

Watu hudhani gemu za zamani zilikuwa rahisi: unaweka CD, unacheza. (Kwa hakika ni DVD, lakini sijawahi kusikia mtu wa Matulo akiziita hivyo.) Hawajaona ile skrini nyekundu inayotokea mashine ikishindwa kusoma. Lenzi huchoka, na vumbi la barabarani halisaidii. Tulikuwa tunaigeuza juu chini, tunaisimamisha wima, tunapuliza. Ikikataa kabisa, anaitwa Daktari.

Daktari alikuwa mtoto wa darasa la saba. Hakuwa na pesa ya kucheza, kwa hivyo alikuwa anatibu CD. Dawa ya meno kidogo, fulana kuukuu ya pamba, anasugua kutoka katikati kwenda ukingoni. Kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata duara ndio unaoua. Alizijua zote kwa mikwaruzo yake, hata zile ambazo jina lilikuwa limefutika. Malipo yake yalikuwa kucheza jioni, na alikuwa na timu yake ya PES aliyoilea msimu baada ya msimu, imehifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8.

Mimi, msomi, nikaona huu ni ushamba. Kuna programu inaitwa Open PS2 Loader, ambayo huifanya mashine isome gemu kutoka kwa hadidiski iliyochomekwa kwenye USB. Nilikesha wiki nzima nikinakili CD kwa laptopu, faili ikizidi gigabaiti 4 naikata vipande. USB ya PS2 ni ya zamani na ni polepole, kwa hivyo video za mwanzo zilikwamakwama kama mtu mwenye kigugumizi. Lakini mpira ulichezwa. Skrini nyekundu ikawa hadithi.

"Kumbe shule inasaidia," Khocha akasema mbele ya wateja. Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Daktari alikuja jioni hiyo na fulana yake mfukoni. Akaangalia hadidiski, akaangalia orodha ya gemu kwenye skrini.

"Sasa mimi nitafanya nini, bro?"

"Utakuwa unacheza tu."

Kwa pesa gani, hakuuliza, na mimi sikutaja. Baada ya siku chache aliacha kuja.

CD nilimpa kukhu. Ilikuwa Julai, wimbi limeanza kuiva, ndege wanamsumbua, na CD ina tundu lake tayari, haihitaji hata kutobolewa. Akazifunga kwa kamba shambani, zikawa zinapepea na kumeremeta. Kusema kweli zilipendeza.

Nilikuwa nadhani gemu ikishaingia kwenye hadidiski, CD ni ganda tu la ndizi. Baadaye, nikiwa kwa rafiki Kitale, niliona PS4. Inanakili gemu yote kutoka kwa CD hadi ndani, unasubiri weee, halafu kila ukitaka kucheza bado inadai CD iwemo. Nilicheka. Rafiki akaniambia nifikirie: isipodai, CD moja ingelisha Kitale yote. Na kwa sababu inadai, akichoka na gemu anaiuza, au anabadilishana na mtu akiongeza kitu kidogo. Aliyenacho ndiye mwenye gemu. PS5 ilipotoka 2020, kukawa na toleo lisilo na mahali pa kuweka CD hata kidogo. Hapo huna cha kumpa jirani.

Lakini narudi Matulo. Agosti, radi usiku, stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu. Asubuhi mashine ziliwaka. Hadidiski ikawa inalia tik, tik, tik. Nakala za kwenye laptopu nilikuwa nimezifuta ili kupata nafasi. CD zilikuwa zinakufa mojamoja, mbele ya macho yetu, na Daktari akizipigania. Hii ilienda na zote usiku mmoja.

Khocha alisimama mlangoni. "Msomi, sasa?"

Kadi ya kumbukumbu ilikuwa nzima. Niliifungua, nikaiona timu ya Daktari, misimu yake yote imetulia pale, na hakuna gemu ya kuifungua. Nikawaza mihula yangu mitatu, alama zangu kwenye kompyuta fulani ya chuo, nzima kabisa. Nilizima televisheni, nikaenda kumwambia mama hakuna mgomo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nimekula.

Kutoka hapo nilienda kwa kina Daktari.

"Umebeba dawa ya meno?" ndilo jambo la pekee aliloniuliza.

Tulipita katikati ya wimbi, yeye mbele. Anafungua kamba, anainua CD kwenye jua, anaigeuza taratibu. Kukhu alikuwa mlangoni akipiga kelele kwamba tunamwachia nani kazi ya kufukuza ndege.

"Hii itasoma," Daktari akasema, akanipa niishike. "Hii pia." Ya tatu aliitazama kwa muda, akaifunga tena. "Hii mwachie kukhu."