Miwani Mbele ya Kichungulio

Kamera iliundwa kwa ajili ya jicho tupu. Kauli hii huenda ikaonekana ya kipuuzi kwa msomaji ambaye Mwenyezi Mungu amemjalia macho mazima, ila kwetu sisi tunaovaa miwani ni jambo linalodhihirika kila tunapokiinua chombo hicho usoni. Kabla ya picha kupigwa, kabla hata ya mwanga kupimwa, kuna vioo viwili vinavyogongana: kioo cha miwani na kioo cha kamera. Mlio wake ni mdogo mno, na katika miaka saba ambayo nimejilipia sehemu ya karo kwa kupiga picha za harusi na mahafali, nimeuzoea kiasi cha kutousikia.

Nianze na suala la istilahi, maana najua wasomaji wa jarida hili hawatanisamehe nikilipita. Kile kitundu cha nyuma ya kamera ambamo mpigapicha hutazamia, wenzangu wa mjini hukiita tu 'pale pa kuweka jicho'. Mimi nitakiita kichungulio, kutokana na kitenzi kuchungulia, na sababu si wepesi wa unyambuzi pekee. Anayechungulia haoni yote, wala hadai kuwa ameona yote. Ama kuhusu miwani, neno lenyewe lina kitendawili chake: halina umoja. Atakayethubutu kukipachua kiambishi chake na kuutafuta 'mwani' mmoja atajikuta ufukweni akiokota mimea ya baharini.

Turejelee chombo chenyewe. Nyuma ya kioo cha kichungulio kuna mahali maalumu ambapo jicho halina budi kuwapo ili liweze kuziona pembe zote nne za picha kwa mara moja. Katika kamera nyingi za kawaida mahali hapo pako kati ya milimita 15 na 20 kutoka kwenye kioo. Jicho tupu hufika hapo bila taabu yoyote. Miwani, kwa upande wake, hukaa kiasi cha milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho; ongeza unene wa kioo chake, ongeza na ukingo wa mpira au chuma unaokizunguka kichungulio, na bajeti yote ya milimita imekwisha. Hali hii ni kama kutazama ndani ya chumba kupitia tundu la ufunguo. Ukilibana jicho mlangoni utaona kitanda, meza na dirisha la upande wa pili. Ukirudi nyuma hatua moja utaona kitanda tu. Mvaa miwani ni mtu aliyesimamishwa hatua moja nyuma ya mlango. Bibi harusi anamwona. Pembe hazioni, wala hazioni zile tarakimu ndogo zinazowaka chini ya fremu kumwarifu kasi ya shata na kiasi cha mwanga. Ili azione, hana budi kuichezesha shingo, achungulie kushoto, kulia, juu na chini, mithili ya mtu anayesoma ukurasa. Kufikia wakati amemaliza kuusoma, bibi harusi amekwisha kufumba macho.

Si kwamba waundaji hawakulijua tatizo hili. Mwaka 1980 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa kamera iliyoitwa F3. Mnamo 1982 ikatoa toleo jingine, F3HP, ambalo kichungulio chake kilimruhusu mtu kuiona fremu nzima hata jicho likiwa milimita 25 kutoka kwenye kioo. Gharama yake ni kwamba taswira ya ndani ilipungua kidogo, kutoka ukuzaji wa 0.8 hadi 0.75. Nimeishika kamera hiyo mara moja tu, mali ya mzee mmoja mwanahabari mstaafu. Kwa mara ya kwanza nikaziona pembe zote nne nikiwa nimevaa miwani. Nilikaa nayo jichoni kwa muda mrefu bila kupiga chochote, hadi mzee akaniuliza kama kuna kitu kimeharibika. Kabla ya hapo kulikuwa na zile Rolleiflex za lenzi mbili, ambazo mpigapicha huzishika kifuani, akainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake. Hizo hazimbagui mvaa miwani, isipokuwa kushoto huwa kulia na kulia huwa kushoto.

Msomaji ataniuliza: kwa nini usiivue? Mafundi walilijibu swali hilo kwa kuweka gurudumu dogo kando ya kichungulio, ambalo ukilizungusha huirekebisha taswira ilingane na udhaifu wa jicho lako. Katika kamera nyingi za kidijitali gurudumu hilo hurekebisha kuanzia -3 hadi +1. Jicho langu la kulia ni -4.50. Gurudumu huishiwa na nguvu kabla halijanifikia. Isitoshe, nina astigmatizimu, yaani konea ya jicho langu haikuviringika sawasawa kila upande, na kasoro hiyo gurudumu haliijui kabisa. Hata kama lingeijua, ningefanyaje nikishusha kamera na ulimwengu wote ukageuka ukungu? Mpigapicha stadi hufanya kazi kwa macho mawili: moja limo ndani ya kichungulio, jingine liko nje likimtazama shangazi anayekaribia kuingia pichani akiwa na sinia la pilau. Bila miwani, shangazi huyo kwangu ni rangi inayotembea.

Basi mvaa miwani hujifunza hila. Ukingo wa chuma wa kamera za zamani hukwaruza vioo vya plastiki, na miwani si bei ya peremende. Yangu ya kwanza mama aliilipia kwa mauzo ya mahindi ya msimu mzima. Kwa hiyo nilikata pete ya mpira wa ndani wa baiskeli nikaigandisha kwenye kichungulio kwa gundi, na imenilindia vioo hadi leo. Aidha, mwanga hupenya katika nafasi iliyoachwa kati ya miwani na kamera, na katika baadhi ya kamera huweza kuipotosha mita ya mwanga. Dawa yake ni kiganja cha mkono kukinga upande wa jua. Kuhusu mvuke sina la kusema ila kwamba anayetoka katika ukumbi wa hoteli wenye kipozahewa na kuingia katika joto la Mombasa hupofuka mara tatu: miwani, kichungulio na lenzi. Mwaka 2020, tulipopiga picha tukiwa tumevaa barakoa, hata Nairobi ilikuwa Mombasa.

Kuna mwenye studio mmoja mjini aliyeniambia waziwazi kuwa hawezi kumwajiri mtu wa macho manne. "Mteja akiiona miwani," alisema, "ataamini kuwa picha zitakuwa na ukungu." Sikumjibu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima nami nilikuwa mtoto mbele yake, tena mwenye shida ya karo ya muhula wa pili. Nilichotamani kumkumbusha ni habari za Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za televisheni za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Ghala la silaha lilipolipuka jijini Addis Ababa mwaka 1991, Amin alipoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Ikiwa mkono uliokatika haukumzuia yeye, vioo viwili vilivyokaa juu ya pua vinamzuiaje mtu kubonyeza kitufe?

Hata hivyo, liko jambo ambalo mwenye studio yule hakulitaja, na ambalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Vichungulio vya kamera nyingi havionyeshi yote yatakayokuwamo pichani. Kamera za bei nafuu tunazozimudu huonyesha takriban asilimia 95 ya upana na ya urefu wa fremu. Sehemu inayosalia huingia pichani bila kuonwa na yeyote, awe na miwani au asiwe nayo. (Ile F3 ilionyesha asilimia 100, na bei yake haikuwa ya watu wa aina yangu.) Mwenye jicho tupu hudhani ameziona pembe. Mvaa miwani anajua fika kuwa hajaziona, kwa hiyo huacha nafasi: husimama mbali kidogo, huwapa watu hewa pande zote. Wateja hulalamika, "Mbona umetuweka mbali hivyo?" Nami huwaambia kuwa ukingo utakatwa wakati wa kuchapisha.

Miaka minne iliyopita nilipiga picha ya mhitimu mmoja na jamaa zake chini ya kivuli cha mti kando ya uwanja wa mahafali. Walikuwa watu kumi na mmoja, joho katikati, mashada ya karatasi zing'aazo shingoni. Usiku, nilipoitazama picha ile kwenye kompyuta, nikamwona upande wa kushoto kabisa mtu wa kumi na mbili: mwanamke aliyejitanda leso, amesimama kando, viatu vyake amevishika mkononi, akiwatazama wenzake wakipigwa picha. Alikuwa anatabasamu. Nikampigia simu mhitimu kumwuliza ni nani. Akacheka. "Aa, huyo ni mama. Alikataa kuingia, eti viatu vimemchuna na hataki kuonekana pekupeku mbele ya wageni. Mkate tu, ndugu yangu." Nikafanya alivyoagiza katika nakala zilizochapishwa, faili asilia nikaihifadhi, maana faili asilia huwa sizifuti.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, kijana yule alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyingine. Alitaka kujua kama ile picha ya kwanza, kabla haijakatwa, ningali nayo. Mama yake alikuwa amefariki, na katika nyumba nzima hapakuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho. Nikaikuza pembe ile hadi ikaanza kupasuka chembechembe, nikaikatia kiunoni. Ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza. Nilimwuliza kama niviondoe vile viatu mkononi, kwani kompyuta yaweza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niviache.

Tangu hapo sijaweza kuyasoma mambo ya usimulizi kama nilivyoyasoma zamani. Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliteua istilahi inayotokana na neno fokasi kwa kusudi la kuepuka istilahi zilizoelemea mno upande wa kuona. Mimi humwonea huruma: alilikimbia jicho akaangukia lenzi. Katika uhakiki wetu wa riwaya ya Kiswahili tumezoea kuuliza msimulizi anaona nini, anajua kiasi gani, amesimama wapi. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeingia hadithini bila msimulizi kumwona: mtumishi anayeleta chai na kutoka, mke asiyetajwa jina, mtu wa kumi na mbili mwenye viatu mkononi. Msimulizi amempita. Maandishi yamemhifadhi, na msomaji mwenye subira aweza kumkuza. Msimamizi wangu, nilipomweleza wazo hili, alinishauri kwa upole nisiichanganye tasnifu na biashara yangu. Ni ushauri wa busara nami nimeuzingatia. Ndiyo maana haya nayaandika hapa.

Siku hizi wahitimu wengi hujipiga wenyewe kwa simu. Simu haina kichungulio. Haimlazimu mtu kulisogeza jicho popote, na asiyeona mbali kama mimi huiona skrini yake vizuri kuliko mwenzake wa makamo aliyenyoosha mkono wote. Lakini saa sita ya mchana, katika jua la uwanja wa mahafali, skrini hiyo hugeuka kioo cha kujitazamia, na hapo ndipo wachache hunitafuta. Mahafali yajayo ni mwezi wa Disemba. Nimekwisha kupokea malipo ya awali ya familia tatu. Daktari wa macho ameongeza robo nyingine kwenye jicho la kulia, nayo ile pete ya mpira imechakaa. Fundi wa baiskeli aliye karibu na lango la chuo ameniahidi kipande kingine kufikia Ijumaa.